Kiasi cha Njegere Moja

Mwezi wa kwanza 2023 dada yangu mdogo alinipigia video kutoka Kentucky. Tulikuwa hatujaonana uso kwa karibu miaka minne. Tulikuwa tunatumiana sauti tu, kwa sababu simu yangu ilikuwa imepasuka kioo na video inakula bando. Siku hiyo niliazima simu ya jirani. Nikamwona, amenenepa kidogo, amesuka vizuri. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata, nikaanza kusema alo, alo. Halafu nikamsikia:

"Yaya, ni weye? Nilifikiri ni mama."

(Wasomaji Wakenya msicheke. Kwetu Uvira yaya si mtu wa kulea watoto wa watu. Ni dada au kaka mkubwa.)

Mama yetu alifariki 2009 akiwa na miaka 62. Mimi siku ile ya simu nilikuwa na 43. Dada alisema kwa upendo, na akalia kidogo, na mimi nikacheka ili asilie zaidi. Lakini usiku sikulala vizuri. Nina kioo kimoja kidogo kama kiganja, ambacho kazi yake ni kutoa vumbi kwenye jicho. Kwa kioo kama hicho unaona uso wako kipande kipande, leo jicho, kesho mdomo. Asubuhi yake nilikisogeza polepole kutoka sikio hadi sikio, nikajaribu kuunganisha vile vipande kichwani, na kweli, mama alikuwa pale. Mistari kando ya macho, ngozi ya paji la uso ngumu kama mfuko wa saruji, na mashavuni mabaka meusi mawili kama mtu aliyeshikwa na mikono yenye masizi.

Watu husema ngozi nyeusi haiharibiwi na jua. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miaka. Melanini inatukinga sana, huo ni ukweli, lakini kukingwa sana si kukingwa kabisa. Kwa ngozi yetu jua huanza na madoa na rangi isiyolingana, mikunjo inakuja nyuma yake. Na Kakuma jua halina mahali pa kujificha. Kule Uvira jua lipo pia, lakini kuna ziwa, kuna miembe, na jioni milima inalimeza mapema. Hapa nyuzi 35 au 38 ni mchana wa kawaida, mchanga unarudisha mwanga usoni kutoka chini, na mabati ya jirani yanakumalizia kutoka pembeni. Tangu 2014 nafanya kazi ya insentivu, mhamasishaji wa afya, mlango kwa mlango kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba. Ongeza laini ya maji, ongeza laini ya mgao. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi za jua kwa miaka 12.

Nitasema na hili, ingawa linanionea haya. Mwaka 2017, mabaka yalipoanza, nilinunua mkorogo. Kikopo kidogo dukani, hakina orodha ya vilivyomo, muuzaji anakuchotea kama anakuuzia samli. Miezi mitatu nilikuwa mweupe, watu wananisifu. Mwezi wa nne mashavu yakawa membamba hadi mishipa ikaonekana, na nilipoacha, mabaka yakarudi meusi kuliko mwanzo. Baadaye niliambiwa kwamba vitu vya namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, au haidrokwinoni, au hata zebaki. Mimi ndiye niliyekuwa naenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasinunue dawa barabarani.

Basi dada alipolia kwenye simu, akaamua kunisaidia. Mwezi wa nne mtu wa kanisa lake alikuja Kenya kuona ndugu zake, akaniletea soksi mbili, kalamu za watoto, na ndani ya soksi tyubu ndogo imeandikwa tretinoini asilimia 0.025. Daktari wake kule alimwandikia yeye, kwa ajili ya chunusi. Akaniambia kwa sauti ya WhatsApp kwamba wanawake wa kule wanaipaka ili wasizeeke. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza. Tyubu ilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, herufi ndogo kama mayai ya chawa, Kiingereza kitupu. Nikaikunjua, nikaikunja tena.

Nilipaka kama losheni. Kidole kizima, uso wote mpaka shingo, asubuhi baada ya kunawa, halafu nikaenda kazini. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya tatu uso ukaanza kuwaka. Siku ya tano nilikuwa najivua kama nyoka, pembe za mdomo zimepasuka, siwezi kula pilipili. Watoto wa bloku walikuwa wananifuata kuangalia. Na wakubwa walikuwa na jibu lao tayari: amerudia mkorogo.

Pale kliniki, daktari aliyekuwa zamu (ni klinikal ofisa, lakini sisi wote tunamwita daktari) aliniangalia, akaangalia tyubu, akaniangalia tena.

"Mama, ulipaka kiasi gani?"

Nikamwonyesha kidole.

"Asubuhi ama jioni?"

"Asubuhi, kabla ya kazi."

"Halafu ukatembea na jua."

"Nilitembea."

Akashika kichwa. "Na wewe ni mtu wa afya. Unajua hii ni nini? Hii ni ndugu ya vitamini A. Ile ile mnapeana kwa watoto."

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye benchi. Vitamini A naijua. Kila mwezi wa tano na wa kumi na moja, wakati wa Malezi Bora, mimi ndiye ninayeshika mkasi, nakata kichwa cha kidonge laini, naminya ndani ya mdomo wa mtoto. Cha bluu kwa walio na miezi 6 hadi 11, yuniti 100,000. Chekundu kwa wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, yuniti 200,000. Hata mafuta ya mgao, angalia kopo lake, yameandikwa yameongezwa vitamini A na D. Na mawese ya kwetu, yale mekundu, rangi yake yenyewe inageuka vitamini A mwilini. Nilikuwa nimebeba jamaa ya kitu ninachokijua kuliko vyote kazini, na sikuitambua kwa sababu ilikuja ndani ya soksi kutoka Marekani.

Akanieleza kwa mfano wa nyumba zetu, naye Mungu ambariki kwa subira yake. Chini ya ngozi kuna nyuzi zinaitwa kolajeni, zinaishika ngozi kama miti inavyoshika turubai. Jua linaamsha vimeng'enya vinavyokatakata zile nyuzi. Miti ikianguka, turubai linalegea, ndiyo mikunjo. Retinoidi, ambayo ni jina la ukoo mzima wa dawa hizi, inazuia vile vimeng'enya na kuifanya ngozi itengeneze kolajeni mpya. Pia inaharakisha ngozi ya juu kutoka na mpya kupanda, kwa hiyo madoa yanafifia. Lakini ni kazi ya miezi, si ya wiki. Ukiwa na haraka unachoma nyumba badala ya kuijenga. Na ngozi nyeusi ikichomeka, akasema, inaacha doa, kwa hiyo unaweza kupata mabaka mapya kwa dawa uliyopaka kuondoa ya zamani.

Nikaambiwa niache kwa wiki tatu, nipake vaselini tu. Halafu nianze upya: usiku, kwa sababu mwanga huivunja dawa, uso uwe umekauka kabisa baada ya kunawa, nisubiri kama nusu saa, kiasi cha njegere moja kwa uso mzima, mbali na macho na mdomo, usiku mmoja kati ya mitatu, vaselini juu yake. "Njegere, mama. Zile za mgao. Moja."

Kwenye karatasi masharti hayo ni mepesi. Nataka wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa wafikirie kidogo jinsi yanavyoishi ndani ya kambi. Nusu saa ya uso safi na mkavu usiku, katika nyumba ya matofali ya udongo ambayo upepo wa Kakuma unaingiza vumbi kupitia chini ya mlango. Tyubu inayotakiwa ikae mahali pasipo na joto, wakati ndani ya nyumba usiku wa manane bado unatokwa na jasho. Mimi niliifunga kwenye nailoni nikaiweka chini ya mtungi wa maji, kwenye ule mchanga unyevu. Na sharti kubwa kuliko yote, kukaa mbali na jua, kwa mtu ambaye kazi yake ni kutembea. Losheni ya kuzuia jua ipo, hapa Kenya hutolewa kwa watu wenye ualbino, na kwao si ya urembo, ni kinga ya saratani. Kuna wawili kwenye eneo langu, na si kila mwezi wanaipata. Sikuomba. Nilinunua mwavuli mweusi wa shilingi 400 na nikajifunza kujitanda kitenge kama Wasomali wanavyojitanda. Nikabadilisha njia zangu pia: asubuhi nyumba za upande usio na miti, saa tano kwenda mbele nyumba zenye mathenge au kibanda cha kukaa.

Kama ungeniuliza dawa ilikuwa nini, nusu yake ilikuwa huo mwavuli.

Kuna mwenzangu mmoja kazini, si mkimbizi, mtu mzuri, aliniuliza kwa mzaha: mkimbizi anataka uso laini wa nini? Huo ndio mwaka ambao mgao ulipunguzwa, kwa hiyo swali halikuwa la kijinga. Sikuwa na jibu siku hiyo. Baadaye nilifikiri, picha iliyo kwenye faili langu ni ya 2011. Mashavu ya mviringo, macho yameogopa, lakini ngozi ni ya mwanamke wa miaka 31. Kila ninapoitwa kwenye dirisha, mtu anaangalia picha, ananiangalia mimi, anarudi kwenye picha, halafu ananiambia niweke kidole kwenye mashine. Kidole kinakubali. Uso wangu hakuna anayeuamini tena bila mashine. Sikutaka kuwa msichana. Nilitaka tu kukaa kati ya yule wa picha na mama yangu, mahali panaponistahili kwa umri wangu.

Nilipoanza upya, nilisoma kwa simu usiku, bando ikiruhusu. Nikajua kwamba tretinoini ilikubaliwa Marekani mwaka 1971 kama dawa ya chunusi. Daktari mmoja wa Philadelphia, Albert Kligman, aliona kwamba wanawake wa makamo walioipaka kwa chunusi walikuwa wanamwambia mikunjo yao imepungua. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha habari hiyo. Mwaka 1988 madaktari wa Michigan wakaipima kwa watu 30 kwa wiki 16, mkono mmoja dawa, mkono mwingine krimu tupu, na mkono wa dawa ukabadilika. Nilifurahi. Nikaendelea kusoma, na furaha ikakata.

Kwa sababu huyo huyo Kligman, kuanzia 1951 hadi 1974, alifanyia majaribio ya ngozi wafungwa wa jela ya Holmesburg, palepale Philadelphia. Wengi wao walikuwa watu weusi. Walilipwa pesa kidogo, walipakwa migongoni vitu ambavyo hawakuelezwa vizuri ni nini, na dawa hii ya kwangu ni moja ya vitu vilivyopitia kwenye ngozi zao. Chuo chake kiliomba msamaha mwaka 2021, mji ukaomba 2022. Yeye alikuwa ameshafariki 2010.

Usiku ule sikupaka. Si kwamba niliapa. Nilikaa tu na tyubu mkononi. Sisi hapa tunajua kidogo habari ya kukaa mahali ambapo huwezi kutoka, na watu wanakuja na fomu, wanasema ni hiari, na wewe unahesabu kichwani kama kukataa kutaharibu kesi yako. Sisemi ni sawa na Holmesburg. Hakuna aliyenipaka sumu. Nasema tu nilipofikiria ile migongo sikuiona kama migongo ya watu wa mbali. Usiku uliofuata nikapaka, njegere moja. Kuitupa kusingemrudishia mtu ngozi yake, na dada alikuwa ametoa pesa.

Mwezi wa saba uso ulikuwa umetulia. Mabaka yalikuwa yamepungua ukali, ngozi ya paji la uso imekuwa laini ukiigusa. Na katika bloku hakuna siri ya uso. Mama Mapasa, jirani yangu wa mlango wa pili, alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga kama anayenunua mbuzi. "Yaya, uso yako inang'ara. Unatuficha nini?" Nikamwambia ni mwavuli. Hakuamini.

Aliyekuja ni mkwe wake, mke wa kijana wake mkubwa, binti wa miaka 20, mwenye chunusi nyingi zilizomwachia madoa. Alikuja jioni, peke yake, amesimama mlangoni. "Mamkubwa, nisaidie na mimi." Mimi nilikuwa najisikia mwanamke aliyejua. Nilimwelekeza yote niliyoelekezwa: usiku, njegere, vaselini, mwavuli. Nikamminyia kidogo kwenye kipande cha nailoni, nikakifunga kama chumvi. Kila wiki akarudi kuchukua kingine.

Sikumuuliza swali moja.

Mwezi wa nane mwishoni Mama Mapasa akaja na furaha kuniambia mkwe wake hajaona siku zake, na asubuhi anatapika. Nilikuwa nasonga ugali. Nakumbuka niliendelea kusonga.

Kwa sababu hilo nalijua. Ni miaka nawafundisha wamama: kidonge kikubwa cha vitamini A hapewi mjamzito, kikizidi kinaweza kuharibu mtoto tumboni. Liko kwenye mafunzo yetu, nimelisema kwa Kiswahili na Kibembe, nimeulizwa kwenye mtihani nikapata. Nilienda kuichomoa ile karatasi iliyokunjwa, nikakaa na tochi na kamusi ya simu, na neno la mimba lilikuwepo. Lilikuwepo tangu mwezi wa nne. Yule daktari hakuniambia kwa kuwa aliniuliza umri na watoto, nikamwambia nilifungwa kizazi. Alikuwa ananitibu mimi. Hakujua nitafungua duka.

Ningeweza kunyamaza. Naandika hili kwa sababu kwa siku mbili nilinyamaza. Nilifikiri, kiasi ni kidogo, nani atajua. Siku ya tatu nikaenda kwa Mama Mapasa, nikawakuta wote wawili wanachambua maharagwe, nikasema. Binti hakusema kitu, aliweka tu mkono tumboni, na tumbo lilikuwa bado halipo. Mama Mapasa ndiye aliyesema, na kwa sauti ndogo, ambayo ni mbaya kuliko kelele: "Weye njo unatufundishaka kila siku."

Tulienda kliniki sisi watatu. Daktari alikunja uso, lakini alimzungumzia binti, si mimi. Akamweleza kwamba inayojulikana kwa madhara makubwa ni ile ya kumeza, ndugu yake mkali anayepewa watu wenye chunusi kali. Hii ya kupaka inaingia mwilini kidogo sana, na uchunguzi wa wanawake waliopaka bila kujua wana mimba haujaonyesha wazi kwamba watoto wao wanaharibika zaidi ya wengine. Hata hivyo mjamzito hapaki, na anayetaka kubeba mimba hapaki, kwa sababu hakuna sababu ya kujaribu bahati. Aache leo, aanze kliniki ya wajawazito leo. Halafu akanigeukia. "Mama, dawa ya mtu ni ya mtu." Nikasema ndiyo. Dada yangu pia alikuwa amenipa dawa ya mtu, lakini huo haukuwa wakati wa kumwambia.

Miezi saba ni mirefu. Mama Mapasa alikuwa ananisalimia, lakini hakuingia ndani. Niliendelea kupaka usiku wangu mmoja kati ya mitatu, baadaye mmoja kati ya miwili, kwa kichwa kizito, kama mtu anayekula akiwa na mgonjwa ndani ya nyumba. Mwezi wa kumi na mbili dada akapiga video. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Sasa ni weye." Mabaka bado yapo, ukiyatafuta utayaona, na mistari ya macho imebaki, imelala tu kidogo. Sikumweleza habari ya binti. Nilimwambia asitume tyubu nyingine.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nne 2024, usiku, wa kike. Nilikuwa nje ya wodi tangu jioni, hakuna aliyeniita. Mkunga alipotoka naye amefungwa kitenge, Mama Mapasa akanipisha. Nikamfunua, nikahesabu vidole kabla ya bibi yake kuhesabu. Nikaangalia masikio, nikaangalia mdomo ndani, nikasikiliza kifua kama ninajua ninachosikiliza. Mkunga akaniambia, ameshapimwa, mama, yuko sawa. Nikamfunika, nikamfunua tena.

Mwezi wa kumi na moja mwaka ule, kwenye Malezi Bora, walikuja kwenye meza yangu chini ya mti. Miezi 7. Nikaangalia kadi yake mara mbili, nikachukua kidonge cha bluu, nikakata kichwa chake na mkasi. Mama yake alimshika mashavu. Nikaminya, matone yote, mpaka la mwisho. Mtoto akakunja uso wote, akawa kizee cha miaka 80, halafu akalamba mdomo na uso ukarudi.

"Anayeipenda," akasema Mama Mapasa nyuma yangu, na akakaa kwenye benchi yangu, pale penye kivuli.